OpenCPN kwa safari ya Mtwara hadi Moroni: hodari wa hesabu, kipofu wa miamba

OpenCPN ni programu huria ya ramani za bahari, na inakubali Windows, Mac, Linux na Android. Tunachopima hapa ni kiongezo chake (programu ndogo inayopachikwa ndani yake) cha Weather Routing, kinachotafuta njia kwa kufuata upepo. Chombo ni yoti ya matanga ya futi 36 hivi. Safari ni Mtwara hadi Moroni, mji mkuu wa Komoro, maili 200 za baharini, uelekeo nyuzi 115.

Kabla ya kuuliza njia, uliza mwezi. Kazi hiyo ni ya kiongezo kingine, Climatology, chenye wastani wa upepo na mikondo kwa kila mwezi. Kitakuonyesha jambo ambalo mvuvi wa Mikindani hahitaji kompyuta kulijua: kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi unatoka kule kule unakokwenda. Utabisha, yaani utakwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, njia nzima. Mwendo wa fundo 5 (maili 5 za baharini kwa saa) ukienda joshi, omo ikiwa nyuzi 45 kutoka kwenye upepo, unakusogeza fundo 3.5 tu kuelekea Moroni.

Halafu kuna mkondo, na hapo ndipo wengi wanapotea. Mkondo mkubwa wa Ikweta ya Kusini unakuja kutoka mashariki na kugawanyika karibu na Rasi Delgado, tawi moja likipanda kaskazini kupita Mtwara, jingine likishuka Msumbiji. Faili la upepo la GFS, utabiri wa hewa wa Marekani wa dunia nzima, halina mkondo ndani. Usipoongeza faili la mkondo, au usipoweka alama kwenye kisanduku cha mikondo ili kitumike cha Climatology, programu itakupa saa 57 za kubisha bila kusita. Toa fundo 1 la mkondo wa kukupinga: zinakuwa saa 80. Kwa upepo wa kaskazi, ukiwa ubavuni, hesabu hiyo hiyo pamoja na mkondo ni kama saa 50.

Ila kaskazi ina deni lake. Msimu wa vimbunga ni Novemba hadi Aprili, na hata mwisho huo usiuamini sana: Kenneth kilipita Komoro Aprili 2019, Hidaya kikafika Mafia Mei 2024. Weather Routing kinaweza kukwepa njia za vimbunga vya zamani. Ni msaada wa kuchagua mwezi, si utabiri. Kwetu sisi chaguo ni mwishoni mwa Oktoba na Novemba mwanzoni, kusi ikiwa imechoka. Upepo utakuwa haba, kwa hiyo dizeli. Injini ndogo inayokunywa lita 3 kwa saa, ikifanya kazi nusu ya saa 50, ni lita 75, beba 100.

Jedwali la mwendo wa chombo, polari, ndilo linaloharibu majibu kimyakimya. La kiwandani limepimwa na tumbo safi, bahari shwari na matanga mapya. Punguza kila tarakimu kwa asilimia 15 hadi 20, zaidi kama chombo kimelala Mikindani miezi miwili kikiota chaza. Kikomo cha upepo weka fundo 25.

Kasoro kubwa ya Weather Routing: kinajua nchi kavu, hakijui tumbawe. Mstari wake wa pwani ni wa jumla, hivyo kinaweza kukukatishia kona juu ya miamba ya Msimbati na Ghuba ya Mnazi bila kuona tatizo. Dawa ipo: chora mipaka kwa kiongezo cha Draw ukizunguka mafungu yote ya tumbawe, kisha washa kizuizi cha mipaka ndani ya Weather Routing. Nusu saa ya kazi, na bila hiyo tungekipa nyota mbili. Pamoja nayo, nne.

Faili la upepo pakua ukiwa bado na mtandao mjini: latitudo 8 hadi 14 kusini, longitudo 39 hadi 46 mashariki, hatua ya saa 3, siku 5. Siku zaidi ya hizo zinaongeza uzito wa faili kuliko zinavyoongeza ukweli.