Wimbo wa Ligi ya Mabingwa Ulaya: tafuta rekodi nzima, usiridhike na kipande cha televisheni

Wimbo huu niliujulia kwenye kibanda umiza, yaani banda la kutazamia mpira kwa kiingilio, Tandika, Dar es Salaam, nikiwa bado mdogo wa kukalishwa chini mbele ya benchi la kwanza. Mechi zilikuwa saa nne kasoro robo usiku, na Ulaya wakirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba zinasogea hadi saa tano kasoro robo. Wachezaji wakishajipanga, watoto wakaanza kukitikisa kile kitambaa cha nyota katikati ya uwanja, mwenye kibanda anaongeza sauti na kelele zote zinakatika. Likifika neno la mwisho, "The Champions", kibanda kizima tunalitoa kwa pamoja. Ndilo neno pekee tulilokuwa na uhakika nalo.

Enzi za memori kadi nilimlipa kijana wa kuweka nyimbo kwenye simu anitafutie wimbo mzima. Nafika nyumbani nasikiliza, ni kile kile kipande cha kwenye televisheni, kimekatwa na kuungwa mara tatu, na katikati sauti ya mtangazaji imesahaulika humo inataja kikosi. Mpaka leo mtandaoni vipande vya namna hiyo vimejaa, ndiyo maana naandika haya.

Rekodi kamili ina dakika tatu hivi. Aliyeutunga ni Mwingereza Tony Britten, mwaka 1992, kwa kuagizwa na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya. Wanaopiga ni Royal Philharmonic Orchestra na wanaoimba ni kwaya ya Academy of St Martin in the Fields, zote za London. Lugha ni tatu, Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza, kwa kuwa ndizo lugha rasmi za UEFA, na zinapokezana ndani ya ubeti mmoja. Hata kiitikio kimegawanywa: maneno mawili ya kwanza ni Kijerumani, linafuata la Kifaransa, na la mwisho ni lile la Kiingereza tulilokuwa tukilipigia kelele. Sisi tulidhani yote ni lugha moja ngumu.

Mimi naimba besi, sauti ya chini kabisa, kwenye kwaya ya kanisa, na hapo ndipo wimbo uliponinasa upya. Nilipoipata rekodi nzima nikavaa hedifoni za kuazima, zile kubwa zinazofunika sikio. Fidla zinaanza peke yake, zinapanda ngazi kwa ngazi, hazina haraka. Kwenye spika ya simu hapo huambulii kitu zaidi ya mluzi. Kwenye hedifoni unasikia kwaya ikiingia kwa utulivu, karibu kama inasimulia, na chini kuna besi ambayo televisheni yetu haikuwahi kuitoa hata siku moja. Kisha matarumbeta na ngoma vinafunguka, soprano wanapaa, na lile "The Champions" linafika likiwa limeandaliwa njia. Nililirudia mara nne usiku ule. Kwa miaka yote nilikuwa nikipewa kilele bila mlima wake.

Zile fidla zinazopanda Britten hajazitunga, na mwenyewe amekiri wazi kwamba amezichukua kwa Handel, yule yule wa "Haleluya" ambayo kwaya zetu zinaimba Krismasi na Pasaka. Zimetoka kwenye "Zadok the Priest", wimbo ambao Handel aliutunga mwaka 1727 kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme George wa Pili, na tangu hapo umeimbwa kila mfalme au malkia wa Uingereza anapotawazwa. Maneno yake yametoka Wafalme wa Kwanza, sura ya kwanza: Sadoki kuhani na Nathani nabii wanampaka Sulemani mafuta awe mfalme. Mei 2023, Charles wa Tatu alipotawazwa, nilikuwa sebuleni kwa shangazi. Fidla zilipoanza binamu yangu akauliza kutoka jikoni, "Leo kuna mechi?" Sikumjibu, nilikuwa nimesimama. Ukitaka kuuelewa wimbo wa mpira, sikiliza kwanza ule wa Handel. Utangulizi wa vyombo ni mrefu, unaweza ukakata tamaa, lakini vumilia. Kwaya ikilipuka mwili unasisimka.

Matoleo mengine nimesikiliza mengi, hasa yale ya moja kwa moja uwanjani kabla ya fainali. Mwaka 2012 mjini Munich aliimba Jonas Kaufmann, na fidla ilikuwa ya David Garrett. Mwaka 2014 Lisbon alisimama Mariza, na 2016 Milan akawa Andrea Bocelli. Ni waimbaji wakubwa na nawaheshimu, ila kwa sikio langu sauti ya mtu mmoja inaupunguza wimbo huu. Bocelli anaimba vizuri mno, lakini unabaki unamsikiliza Bocelli. Wimbo umeandikwa kwa ajili ya watu wengi kuimba pamoja, na ndivyo tulivyouimba Tandika. Fainali ya Kyiv mwaka 2018 waliupiga 2Cellos, wapigaji wawili wa selo, ile fidla kubwa, bila maneno, na hilo nililipenda kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nyuzi zilibaki na uzito wake. Lile toleo la Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa filamu, na rapa Vince Staples, lililotengenezwa kwa ajili ya gemu la FIFA 19, linafaa kwa kazi yake. Ngoma ni nzito na linaamsha, lakini kusikiliza ukiwa umetulia, hapana.

Kwa mwenye bando dogo, shusha rekodi moja tu, ile yenye jina la Britten na la okestra, yenye dakika zake tatu. Ikiwa chini ya dakika mbili, achana nayo. Tumia hedifoni, na mara ya kwanza sikiliza besi peke yake.

Jumamosi iliyopita, mazoezi ya kwaya yalipoisha, nilimwekea mwalimu wetu ile rekodi. Alisikiliza hadi mwisho amefumba macho, kisha akaomba nirudishe pale alto wanapoingia, akachukua kalamu na kuanza kuandika noti za solfa (do, re, mi) nyuma ya ratiba ya ibada.