Rejuleta na mpira wa gesi: cha kukagua dukani Moshi kabla ya kutoa hela

Malalamiko yanayonifikia kuhusu majiko ya gesi yana sura moja. Fundi kaja, kasafisha jiko, kabadilisha rejuleta (kile kifaa kinachokaa juu ya mtungi na kupunguza presha ya gesi), kalipwa, kaondoka. Jioni mama akibandika maharage, moto unatoka wa njano na kupaka sufuria masizi, au jikoni kunanuka gesi kila mlango ukifungwa. Fundi akipigiwa simu anasema rejuleta haina nguvu, inunuliwe nyingine. Dada mmoja wa Pasua, hapa Moshi, alishanunua ya pili na harufu ikabaki palepale. Nilikwenda kwake, nikachanganya sabuni ya unga na maji, nikapaka kila kiungo. Rejuleta zote mbili zilikuwa nzima. Povu lilikuwa linachemka pale mpira unapovaa mdomo wa rejuleta, chini ya klipu, ile pete ya chuma inayobana mpira, upande ule wenye skrubu.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia hapo kwenye kiungo. Bei na rangi mtaziona wenyewe dukani. Na kama unatumia mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, bila mpira, mengi ya humu hayakuhusu. Haya ni ya wenye jiko la pleti mbili au zaidi na mtungi wa kilo 15 pembeni.

Upana wa ndani

Mpira wa gesi una upana wa nje, ambao kila mtu anauona, na upana wa ndani, ambao muuzaji hautaji kabisa. Kuna mipira ya milimita 8 kwa ndani, na kuna ya milimita 9.5 au 10. Ikining'inizwa kwenye msumari yote inafanana. Rejuleta nyingi za majumbani ninazoziona hapa mjini zina mdomo wa kuvaa mpira wa milimita 8. Ukivalishwa mpira mpana, unakaa kama soksi iliyolegea, na fundi anachofanya ni kukaza klipu mpaka mpira unakunjana. Siku hiyo hakuna harufu. Baada ya wiki kadhaa za joto la jiko na mtungi kusogezwa huku na huku, ule mkunjo unageuka kuwa njia ya gesi.

Kipimo cha dukani ni rahisi: nenda na rejuleta yako ya zamani mkononi, jaribu kuivalisha mpira hapohapo kwenye kaunta. Ukiingia wote kwa kusukuma kidogo tu, huo mpira si wako. Mpira sahihi unagoma. Nyumbani utalazimika kuchovya ncha yake kwenye maji ya moto kwa nusu dakika ndipo ulainike na kuvuka matuta yote ya mdomo mpaka mwisho. Usipake mafuta ya kupikia wala grisi ili uteleze, kwa sababu kinachousaidia kuingia leo ndicho kitakachousaidia kuchomoka kesho, na mafuta yanaula mpira wenyewe. Na ncha ikatwe kwa wembe, iwe imenyooka. Nimeona mipira iliyokatwa kwa kisu cha mkate, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, kisha mtu anashangaa kwa nini haishiki.

Halafu klipu. Karibu kila duka linauza ile ya ukanda wenye meno, inayokazwa kwa bisibisi. Inafaa mpira mnene, kama wa rejeta ya gari. Kwenye mpira mwembamba wa gesi, ukanda wake hauwezi kupinda vizuri chini ya kile kisanduku cha skrubu. Unabaki bapa, na pale palipo bapa mpira haubanwi. Ukizidi kukaza, kwingine mpira unakatika na pale bapa panabaki vilevile. Ndicho kilichokuwa kinavuja Pasua.

Ninayoipendekeza ni ile ndogo yenye bolti na nati, ambayo mafundi magari hufungia mipira ya petroli. Inabana duara lote na kingo zake zimekunjwa kwa nje ili zisikate mpira. Mpira wa milimita 8 kwa ndani huwa na karibu milimita 15 kwa nje, kwa hiyo tafuta klipu iliyoandikwa 14 hadi 16. Duka la vifaa vya majiko linaweza lisiwe nayo, basi nenda duka la spea za magari. Mpira una ncha mbili, nunua mbili. Waya wa kufungia usikubali hata ukiambiwa ni wa muda.

Mpira upi

Wa kwanza kwangu ni mpira wa kawaida wenye maandishi kamili ubavuni: kiwango ulichotengenezewa, upana wa ndani, presha ya juu unayohimili, na mwaka. Viwango vya kutafuta ni EN 16436 au BS 3212. Maandishi hayo hurudiwa kando ya mpira wote, hivyo hata kipande cha mita moja na nusu kinatakiwa kuwa nayo. Ukiambiwa yalikuwa upande mwingine wa roli, ondoka. Mwaka ndio wa kuutazama kwa makini, kwa sababu mpira huzeeka hata kama haujawahi kupitisha gesi, na ushauri wa kawaida ni kuubadilisha baada ya miaka 5. Ukunje kidogo ukiwa bado dukani. Ukiona nyufa nyembamba kwenye mkunjo, huo umezeekea msumarini.

Wa pili ni ule wenye vazi la chuma kwa nje. Nyumba yenye panya inauhitaji, na nyumba zenye panya hapa ni nyingi kuliko tunavyokiri. Kasoro yake ni kwamba chuma kinaficha. Mpira wa ndani ukianza kupasuka huoni chochote, kwa hiyo andika tarehe ya kuufunga kwa kalamu ya wino usiofutika na uiheshimu. Ukiwa na ncha za nati, hakikisha nyuzi zinalingana na za jiko lako. Usilazimishe kwa kuzungushia tepu nyeupe.

Mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, wa kumwagilia bustani au wa kujazia upepo, haumo kwenye orodha. Gesi hunyonya vilainishi vyake, unakauka na kupasuka.

Urefu ni mita moja na nusu, basi. Ukitaka mtungi ukae nje ya nyumba, jambo zuri sana, weka bomba la shaba lipite ukutani na mpira uishie mfupi pande zote mbili. Mpira uliopenyezwa dirishani unasagwa na fremu kila dirisha linapofungwa.

Rejuleta ipi

Hapa ndipo watu wanapoibiwa kwa neno "nguvu". Kazi ya rejuleta ni kupunguza presha. Ndani ya mtungi kuna presha ya baa kadhaa (baa ni kipimo cha presha), kutegemea joto la siku na mchanganyiko wa propani na butani, na jiko la nyumbani linataka takriban milibaa 30. Baa moja ni milibaa 1,000. Muuzaji atakuambia hii inatoa kilo moja na nusu ya gesi kwa saa, ile mbili. Piga hesabu: kilo moja ya gesi ikiungua kwa saa moja inatoa karibu kilowati 14. Jiko la pleti mbili, zote zikiwashwa mpaka mwisho, ni kama kilowati 6. Halifikishi hata nusu kilo kwa saa. Rejuleta ya kilo moja inalitosha na chenji inabaki.

Mimi ninaipigia debe Cavagna, kampuni ya Italia, ya huko Brescia, inayotengeneza vali na rejuleta za gesi tangu 1949. Ninapenda jinsi mdomo wake ulivyo na matuta makali yanayoshika mpira, na jinsi kishikio kinavyokaa imara baada ya matumizi mengi. Chukua ya presha ndogo, isiyorekebishika. Ukipata ya kujifunga yenyewe gesi ikitoka kwa kasi ghafla, ongeza hela uichukue. Mpira ukichomoka moto ukiwa unawaka, hiyo ndiyo itakayokuokoa, ingawa uvujaji mdogo wa kwenye klipu haitaugundua. Kagua kuwa presha na kiasi kwa saa vimechongwa kwenye chuma. Jina likiwa kwenye stika tu, iache.

Baada ya hiyo nawapanga GOK wa Ujerumani na Clesse wa Ufaransa, ukibahatika kuwakuta. Kisha ile inayouzwa na wakala wa kampuni ya mtungi wako. Hiyo siidharau, maana uhakika wa kuingia kwenye vali ni mkubwa, na vali za mitungi hazifanani zote. Ukinunua kwingine nenda na picha ya vali, na usikubali kiunganishi cha kulazimisha.

Zenye saa ya mshale nimeziweka chini. Watu wanazinunua wakiamini zinaonyesha gesi iliyobaki. Hazionyeshi. Maadamu bado kuna gesi iliyo kimiminika ndani ya mtungi, presha inabaki ileile kwa joto lilelile, na mshale unaanguka mwishoni kabisa, wakati na wewe umeshaona moto unazima. Kujua kilichobaki, pima mtungi kwenye mizani utoe uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa juu yake.

Ya mwisho kabisa kwa nyumbani ni ile ya presha kubwa yenye kitasa cha kuzungusha. Ni ya majiko makubwa ya mama lishe na wapishi wa harusi. Kwenye jiko la pleti mbili moto unaruka juu ya tundu, na vitasa vya jiko vinaanza kupitisha gesi kwa sababu havikutengenezwa kwa presha hiyo. Za bei ya chee, zisizo na jina, zinazomwagwa ndani ya karai, sina la kusema zaidi ya kuziacha humo karaini.

Kabla hujailaumu rejuleta

Moto wa njano baada ya fundi kusafisha jiko mara nyingi unatokana na kile alichofungua. Kofia ya chuma haijakaa sawasawa, maji yamebaki, au nozeli zimebadilishana nafasi. Hili la nozeli ni la kuangaliwa kwa tochi. Nozeli ni kile kijisehemu cha shaba nyeupe au ya njano chenye tundu dogo katikati, na ubavuni mwake kuna namba: 70 maana yake tundu la milimita 0.70. Pleti kubwa inatakiwa iwe na namba kubwa. Fundi akizitoa zote, akazitia kwenye bakuli moja la petroli na kuzirudisha bila kuangalia, pleti ndogo itatoa mwali wa njano na ile kubwa itasinzia. Wengine wanazichokonoa kwa sindano na kuongeza tundu. Hiyo haina marekebisho, inunuliwe mpya.

Harufu iliyoanza siku ulipobadilisha mtungi ina chanzo kingine. Kwenye mitungi ya rejuleta za kubofya, pete ndogo ya mpira inayoziba iko ndani ya vali ya mtungi, kwa hiyo kila ukibadilisha mtungi unapokea pete ya mtu mwingine. Chungulia kabla hujautoa dukani. Ikiwa imekatika au haipo, rudisha mtungi.

Povu likitoka kwenye kitundu kidogo kilicho mgongoni mwa rejuleta, hapo kweli imekufa. Utando wa mpira wa ndani umetoboka. Kitundu hicho ni cha kupumulia, usikizibe kwa gundi. Na hata nzima, watengenezaji wengi wa Ulaya wanashauri ibadilishwe ikifika miaka 10.

Kupima kwa kiberiti nimeona mafundi wakifanya mbele ya watoto. Mfukuze fundi wa namna hiyo.

Wauzaji wetu

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Mitungi inagawiwa, hotuba zinatolewa. Kuhusu mpira sijasikia mtu akisema lolote, na mpira ndio unaolala na watoto wetu chumba kimoja kwenye nyumba za kupanga. Pita barabara za katikati ya mji saa saba mchana: roli za mpira wa gesi zimetundikwa nje, juani, tangu asubuhi, mwaka hadi mwaka. Jua na joto ndivyo vinavyoua mpira. Nimemuuliza muuzaji mmoja kwa nini asiingize ndani. Akasema, "Dada, nikiingiza ndani nani ataona kama nauza?" Nikaomba anikatie kutoka kwenye roli iliyofungwa. Akasema ni mali ileile, bei ileile. Kwa mwenye kujali, bei ileile kwa mpira wa stoo na mpira uliopigwa jua ni dhuluma. Na huyohuyo hana mizani ya kupimia mitungi, ilhali anatakiwa kuwa nayo.

Desemba ndiyo mbaya zaidi. Watu wanapanda Marangu, Kibosho na Rombo kwa Krismasi, wanafungua nyumba zilizofungwa tangu Januari, jiko lina utando wa buibui kwenye bomba la pleti na mpira umekauka kama kuni. Duka la karibu linajua huna pa kwenda, na bei inapanda siku hadi siku kuelekea tarehe 24. Nunua mpira na klipu Novemba, mjini, vikae kivulini kwenye begi. Ukifika kijijini, kabla ya kuunganisha kitu, ondoa utando kwenye bomba kwa brashi ya chupa na uutupe mpira wa zamani jalalani ukiwa umekatwa vipande, la sivyo kuna mtu atauokota na kuufunga kwake.