Mashine ya kuediti 4K kwa milioni moja na laki nane: mtumba wa ofisini umefufuka

Oya wadau, mambo vipi. Leo hamna boksi jipya la kufungua. Hii ngoma mnayoiona hapa mezani ilikuwa ofisini kwa watu huko Ulaya, ubavuni bado ina stika ya namba ya mali ya kampuni, nimeikwangua mpaka kucha ikaniuma nikaiacha. Ni kompyuta ya mezani, HP Z440. Imetoka 2014, na mtaani ukisema unataka kuediti video za 4K, zile za picha kali sana, kwa mashine ya 2014 watu wanakucheka, mi nilichekwa kweli, sema waliocheka ndo hao hao sahivi wananiletea flashi zao niwarendie, yaani mashine iwatolee video iliyokamilika.

Kila siku DM naulizwa "bro nina milioni mbili nijenge nini", na mtu tayari ana listi yake, madabodi mpya, prosesa mpya ya bei ya chini, kesi ya kioo yenye taa za rangi, RAM (memori ya kufanyia kazi) GB 16, afu grafiksi kadi (ile ya kushughulika na picha na video) anasema ataongeza baadaye. Hiyo baadaye haiji. Ada ya mtoto itakuja, kodi itakuja, kadi haiji. Unabaki na kesi inawaka kama ukumbi wa sendoff halafu ndani hamna kitu. Mi nimegeuza, hela nyingi nimeiweka kwenye kadi, vingine vyote nimetafuta mtumba uliotengenezwa kwa ajili ya kazi nzito. Hizi Z440 zilikuwa zinapewa mainjinia na watu wa michoro, siyo za sekretari kuchapa barua, ndo maana ndani ziko hivi ziko.

Ngoja nifungue. Unaona, hapa hamna bisibisi, unavuta tu hiki kishikio na ubavu mzima unatoka. Ndani kuna soketi nane za RAM, nane jamani, na feni ya prosesa nene kama kopo la maziwa ya unga. (Na kwa faida ya wote, boksi lote hili siyo CPU. Najua wote tunaliita CPU, hata mi nikiwa Kariakoo naomba "CPU" ili nieleweke, ila CPU yenyewe ni hiki kidude kilichokaa chini ya feni.)

Niliikuta Kariakoo, bei ya kuanzia laki nane na nusu, tukasumbuana kama nusu saa nikaichukua kwa laki sita na themanini. Ilikuja na prosesa ya Intel, Xeon E5-1620 v3 (v3 ni toleo la tatu) ya kori 4, yaani vichwa vinne vya kufanya kazi, na RAM GB 16. Ya kori 4 kwa video haitoshi, nikaagiza mtandaoni kutoka China Xeon E5-2680 v4, hii ina kori 14 na thredi 28 (kila kori inashika kazi mbili), yaani una vibarua kumi na nne wanabeba zege kwa mpigo. Hiki kidude kilipotoka 2016 Intel waliweka bei ya zaidi ya dola 1,700. Mi nimekilipia elfu hamsini na tano, usafiri ndani. Kwa nini kimeporomoka hivyo? Maseva makubwa duniani, zile kompyuta za kuendesha mitandao, yakibadilishwa, haya machipu yanatolewa kwa malori, na kwa seva umeme ndo gharama, kwaiyo wenyewe wanayatupa yakiwa bado mazima kabisa.

Sasa hapa ndo nilipopata jasho. Chipu imefika Ijumaa usiku, nina mzuka, nikatoa ya zamani nikaweka mpya, nikawasha. Kimya. Feni zinazunguka, skrini nyeusi. Nikazima nikawasha tena, kimya. Nikasema nimeshapigwa, chipu imekufa, nikaanza na kumtungia muuzaji meseji ya matusi. Kumbe mzembe ni mimi. Hizi Z440 zilitoka na chipu za v3, na BIOS ya zamani (ile programu ndogo ya kwenye madabodi inayoiwasha mashine) haizijui v4. Unatakiwa usasishe BIOS KWANZA ukiwa bado na chipu ya zamani ndani, ndo ubadilishe. Nikarudisha ile ya kori 4, nikapakua BIOS kwenye tovuti ya HP, nikasasisha, nikaweka tena ya kori 14, ikawaka saa nane usiku nikapiga kelele mpaka mke wangu akaamka akadhani tumevamiwa.

Na ukiwa unabadilisha kuwa mpole. Pini haziko kwenye chipu, ziko kwenye soketi, vijinywele vya dhahabu zaidi ya elfu mbili, kimoja kikipinda madabodi imekwenda. Chipu inashushwa wima, hausukumi, hausugui. Skrubu za hitisinki, kile chuma cha kupoza chipu, ziko nne, unakaza kwa msalaba, kidogo huku kidogo kule. Pesti ya buku tano inatosha, weka punje kama ya kunde, usipake kama blubendi kwenye mkate.

RAM sasa. Hapa watu wanapigwa sana kwaiyo sogeeni. Hii mashine inakula RAM za seva, zinaitwa registadi. Soma hii stika nikisogeza kamera... subiri ishike foko... haya, imeandikwa PC4-2400T-R. Hiyo R ndo kila kitu. RAM za kompyuta za kawaida zinakuwa na U sehemu hiyo hiyo. Kwa macho zinafanana kama mapacha, ila ukichanganya R na U mashine haiwaki, inapiga milio mitano na taa nyekundu inakonyeza mara tano, afu inarudia. Kuna jamaa dukani aliniapia kabisa "zote DDR4 hizi mkubwa, zinaingia". Kuingia zinaingia kweli! Kuwaka ndo haziwaki. Nilirudi siku ya pili tukabishana sana mpaka akanibadilishia.

Faida ya kuteseka huko ni kwamba RAM za R mara nyingi ni rahisi kuliko za U, kwa sababu haziingii kwenye kompyuta za watu wa kawaida, soko lake dogo. Nimeweka nne za GB 16, jumla 64, kwa laki mbili na arobaini, na nilinunua kabla bei za RAM hazijapanda huu wazimu wa sasa, kwaiyo ukienda leo usinishikie shati. Nunua nne, siyo mbili kubwa. Hii prosesa inasoma RAM kwa njia nne, ukiweka mbili ni kama barabara ya njia nne umefungua mbili, foleni unaitengeneza mwenyewe.

Kadi. RTX 3060 ya Nvidia yenye memori yake ya GB 12, used, laki sita na ishirini. Najua kuna watu wanaandika sahivi "mbona hukuchukua 3070", 3070 ina kasi zaidi ndiyo ila ina GB 8, na kwenye 4K timelaini ikijaa efekti ile GB 8 inaisha, programu inagoma. 12 unapumua. Na ukitaka kuchezea AI hapa nyumbani, modeli ya vigezo bilioni 8 iliyobanwa kuwa ya biti 4 inakula kama GB 5 tu, inakaa humo yote na nafasi inabaki. Ila muwe macho, kuna RTX 3060 nyingine ya GB 8, jina lile lile, boksi linafanana, lakini njia yake ya memori ni biti 128 badala ya 192. Siyo feki, ni ya kampuni kabisa, ni dhaifu tu. Uliza GB ngapi, afu usiamini jibu, angalia mwenyewe.

Mkwanja wako mdogo zaidi? Kadi ya RX 580 ya AMD, ya GB 8, bado inafanya kazi. Nayo ina pacha wake, RX 580 2048SP, iliyotolewa kwa soko la China 2018, hiyo ndani ni RX 570 imevalishwa shati la kaka yake. 580 halisi ina vikori vidogo 2304, hiyo ina 2048. Programu ya GPU-Z, inayokuonyesha kadi ni ipi hasa, ni ya bure, iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani, mwambie muuzaji awashe mbele yako. Ile ina mpaka uwezo wa kukuandikia FAKE kwa zile kadi za kizamani zilizobadilishwa jina. Muuzaji akikataa kuwasha, we beba pochi yako. Na msiogope sana kadi zilizochimba kripto, Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022 na nyingi zilimwagwa sokoni. Mara nyingi kinachokuwa kimechoka ni feni na pesti, chipu yenyewe nzima. Izungushe feni kwa kidole, ikikwaruza punguza bei.

Sasa ubaya wa hii HP, na msije mkasema sikuwaambia. Pawa saplai yake siyo ile ya pini 24 tunayoizoea. Ni ya kwao wenyewe, plagi ya kwao, umbo la kwao. Ikifa huendi kununua ya elfu sitini pale kwa fundi, unaanza kuitafuta kama unatafuta spea ya Land Rover ya mkoloni. Kwaiyo kabla hujatoa hela fungua, soma stika ya pawa saplai. Zipo za 525W na zipo za 700W. Mi nilikomaa mpaka nikapata ya 700W yenye waya mbili za pini 6 za kadi. Kadi yangu inataka pini 8, nikanunua adapta ya elfu kumi inayounganisha zile mbili kuwa moja. Hesabu yake iko hivi, kila pini 6 inatoa wati 75, soketi ya madabodi nayo inatoa 75, jumla 225, na 3060 inakula 170. Salama. Usije ukachukua ile adapta inayotoka kwenye waya wa SATA, ile inayeyuka, harufu yake naijua.

Kingine, kwenye madabodi hamna sehemu ya M.2, ile ya kuchomeka SSD (diski ya kasi) ndogo. Nimeweka SSD ya TB 1 kwenye kadi adapta ya elfu kumi na tano, imekaa kwenye soketi ya PCIe, zile za kuchomekea kadi, na inabutisha Windows bila shida. SSD yenyewe laki moja na tisini.

Windows nayo ina mambo. Windows 10 waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na hizi Xeon hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Hiyo 11 nimeipitisha kwa Rufus, programu ya bure ya kutengeneza flashi ya Windows inayoruka ukaguzi huo, inafanya kazi, ila Microsoft hawakuahidi kitu, siku wakibana wamebana. Mtaniambia nenda Linux, ule mfumo mwingine wa bure, naipenda Linux sana tu, lakini DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuediti, kwenye Linux haifungui video za H.264, na kamera zote za harusi hapa mjini zinarekodi hiyo, ningekuwa nakonvati mafaili usiku kucha.

Haya, matokeo. Harusi ya Jumamosi iliyopita, dakika 40 za 4K, rangi, kupunguza nukta nukta za giza, majina yanaruka ruka kama mama wa bibi harusi alivyotaka. Laptop yangu ya zamani ilikuwa inachukua saa tatu na ushee na huwezi kuigusa. Hii dakika 41, na huku natuma invoisi.

Gemu inacheza, ila ukweli ni kwamba kori 14 hazisaidii gemu, gemu linataka kori chache zenye mbio, na hii mwisho wake ni 3.3GHz. Gemu la mpira linacheza freshi. Zile za kushindana ambazo mtu anataka fremu 200 kwa sekunde, hapana, tafuta prosesa ya Ryzen. Umeme nimepima, ikikaa tu inakula wati kama 75, ikirenda inafika 310, kwaiyo saa tatu za kurenda ni karibu uniti moja ya LUKU, kwangu shilingi mia tatu hamsini na kitu. Sijalia. Nilicholia ni UPS, ile ya 650VA umeme ukikatika katikati ya kurenda inapiga kelele dakika tatu nne inazima, inatosha kusevu tu na kukimbia.

Jumla yote milioni 1 na laki 8 na elfu 15. Ile chipu ya zamani na RAM 16 nikauza elfu sabini.

Kama we ni mtu wa kuhamahama, leo Mbezi kesho Dodoma, usinunue hii, kuinyanyua tu ni mazoezi. Na kama huwezi kushika bisibisi mwenyewe na fundi wako humuamini, bora uongezee hela ulale.

Naomba mnyamaze kidogo msikie kelele yake ikiwa inarenda, maana hilo mmeuliza sana.

...

Umeisikia? Hiyo ndo feni yote. Ile nyingine ni jogoo wa jirani, hayumo kwenye bei.