Uzoefu wangu na filta ya jua ya AstroSolar hapa Mwanza

Filta ninayotumia kupiga picha za jua ni karatasi laini ya AstroSolar inayotengenezwa na Baader Planetarium ya Ujerumani, ile ya densiti 5.0, ambayo hupitisha sehemu moja tu kati ya 100,000 ya mwanga. Ipo pia ya 3.8 kwa ajili ya picha pekee, inayopitisha mwanga mwingi zaidi usio salama kwa macho, lakini sikuitaka, kwa kuwa kamera yangu ni ya kuchungulia, na mwanga unaoingia kwenye lenzi ndio huo huo unaofika jichoni.

Karatasi huuzwa bila fremu, kwa hiyo kifuniko niliunda mwenyewe kwa katoni ngumu. Kwetu hapa hilo si jambo dogo. Alasiri upepo wa ziwani huvuma kwa nguvu, na filta iliyoshikizwa kizembe ikipeperuka wakati mtu anachungulia, retina huungua bila yeye kusikia maumivu yoyote. Kifuniko changu huingia kwa kubana mbele ya lenzi, kisha nakizungushia selotepu. Kabla ya kukivalisha naimulika karatasi kwa tochi. Nikiona hata tundu la sindano, situmii.

Kwenye kupatwa kwa jua kwa tarehe 1 Septemba 2016, watu wa Rujewa mkoani Mbeya walipoona pete kamili na sisi tukaona jua lililomegwa tu, picha zilitoka safi: jua jeupe, ukingo wa mwezi mkali. Kwenye kamera nilianzia mipangilio ya ISO 100 (wepesi wa kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi) na kasi ya 1/500 ya sekunde, huku nikilenga fokasi kwa mkono.

Mpito wa Utaridi wa tarehe 11 Novemba 2019, yaani sayari hiyo ilipopita mbele ya jua, ambao nilifuatilia kutoka Capri Point hapa Mwanza jua likielekea upande wa Kamanga, ulidai zaidi. Lenzi ya milimita 300 hutoa taswira ya jua yenye upana usiofika milimita 3, na Utaridi siku hiyo ilikuwa takriban 1/194 ya upana huo, yaani nukta tu. Hapo kosa si la filta. Panahitajika darubini, nayo ifunikwe mbele, kamwe si kwenye kioo cha jicho.

Kipande kilichobaki nimekitengenezea vifuniko viwili vya darubini ya mkono, kwa sababu miwani ya kupatwa kwa jua haimkingi mtu anayetazama kupitia darubini isiyofunikwa.