Chenonceau na mama, wikiendi moja tu

Mi niko Paris, nafanya kazi hospitali, sasa mama alipokuja kunitembelea kutoka Tanga nikamwambia mama hatukai ndani wikiendi nzima, twende tukaone kasri la Chenonceau. Tukachukua treni ya kasi kama saa moja hivi, tukabadilisha tukapanda ile ndogo, na stesheni iko karibu kabisa na geti kwa hiyo hata magoti ya mama hayakusumbua. Ila angalieni ratiba mapema maana treni za kule si nyingi, ukikosa moja utakaa sana.

Fikeni asubuhi jamani, kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu. Kasri limejengwa juu ya mto Cher, maji yanapita chini yako, na ule ukumbi mrefu una mita 60 na madirisha 18, jua likipiga mtoni mwanga unacheza juu kwenye boriti za dari, mama alisimama akaangalia juu mpaka shingo ikamuuma. Vita vya Kwanza vya Dunia ukumbi huu ulikuwa wodi, walitibiwa majeruhi zaidi ya 2,000, na mimi kama nesi nikajikuta napanga vitanda kichwani, hewa huku na huku, mwanga wa kutosha, kweli ni mahali pa mgonjwa kupona.

Hadithi ya wanawake wa pale mama aliidaka haraka kuliko mimi. Mfalme Henri II alimpa kasri hawara wake Diane de Poitiers mwaka 1547, mfalme alipofariki 1559 mke wa ndoa, Catherine de' Medici, akamtoa Diane akampa kasri jingine, halafu ukumbi akaujenga juu ya daraja la Diane huyohuyo!

Lakini kilichotushika ni chumba cha juu cha malkia Louise, mumewe Henri III aliuawa 1589. Kuta nyeusi tii, zimechorwa machozi ya rangi ya fedha, na yeye mwenyewe alivaa nyeupe mpaka anakufa. Mama ni mjane, ana miaka sita sasa. Alikaa kimya muda mrefu, akanishika mkono akasema, "Maskini, huyu eda yake haikuisha." Tulikaa pale hadi watu wakaanza kujaa, ndo tukashuka polepole.