Fundi aliyegoma kuniwekea jakuzi: uzoefu wangu na sakafu ya bafu, Tabata

Beseni la kuogea nililinunua la mtumba, kwa familia iliyokuwa inahama Masaki. Kwetu Tabata wote wanaliita jakuzi, ingawa halina mashine wala halitoi mapovu. Ni la plastiki ngumu, watu wawili wanalibeba huku wanapiga stori. Nikajua kazi iliyobaki ni ya siku moja.

Fundi wa kwanza naye alijua hivyo hivyo. Akaziona marumaru mbili zimepasuka karibu na tundu la maji, akasema tutaziba kwa silikoni, jakuzi likikaa juu nani atachungulia? Nikamtumia hela ya vifaa kwa simu. Siku tatu "nipo Ubungo mama, foleni", ya nne simu haipokelewi. Huyo simpi hata nyota moja.

Wa pili nilielekezwa na jirani, mtu mzima. Nilimpa shikamoo, akaniitikia akiwa ameshapiga magoti bafuni, anagonga marumaru moja moja kwa mpini wa mwiko. Za mlangoni zililia ko, ko. Kuanzia katikati kwenda ukutani zikaanza kulia kama debe. Akazungushia penseli eneo lote la debe. Karibu nusu ya bafu. "Mwanangu, hapa siweki kitu." Akanipigia hesabu: beseni likijaa ni lita kama 150, yaani kilo 150, hapo hujaingia wewe. Mzigo wote huo juu ya miguu minne, na miguu imekanyaga utupu.

Akashika tindo. Chini ya marumaru kulikuwa na mchanga mweusi unaonuka. Bomba la maji machafu lilichomekwa tu kwenye kona yake, halikupakwa gundi tangu nyumba ijengwe. Nikaingiza mkono chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, ukazama hadi kwenye saa. Ndiyo nikaelewa kwa nini ukuta wa chumbani unabanduka rangi. Miaka miwili nasema ni chumvi! Dar hii ukuta ukibanduka, kila mtu mtaalamu wa chumvi.

Alitoa kifusi chote, akabadilisha bomba, akajaza na kushindilia, akamwaga zege. Juu akapiga sakafu yenye mteremko wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, kila mara anaweka pima maji. Kumwagilia asubuhi na jioni, siku saba, aliniachia mimi. Kisha dawa ya kuzuia maji, mikono miwili, ikapanda na ukutani kidogo.

Kilichonifanya nimwamini ni hiki: kabla ya marumaru mpya aliziba tundu kwa kitambaa ndani ya mfuko wa nailoni, akajaza maji, akachora mstari wa penseli ukutani. Kesho yake saa ile ile maji yalikuwa palepale. Nilimwita mume wangu aje aone mstari wa penseli, akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

Lawama ninazo. Alisema siku tano, zikaenda 16, na sisi tunaogea ndoo choo cha nje. Kifusi aliniachia mlangoni, nikalipa mtu wa guta. Gharama ya sakafu ilifika 640,000, na beseni lenyewe nililipata kwa 180,000. Lakini marumaru moja ya mbele aliishika kwa silikoni tu, ili bomba likisumbua tuibandue bila kuvunja. Nyota nne.

Mwisho alilijaza beseni pomoni ndipo akapaka silikoni pembeni, maana likibeba mzigo hushuka kidogo na mpako uliopigwa likiwa tupu hukatika. Akasema maji hayo tusiyatoe mpaka kesho. Kesho yake mgao ukaanza, wiki nzima bomba kavu. Jakuzi langu la kwanza nimelitumia kuoshea vyombo.