Nakshi za mkono kwenye vipande vya pikipiki, Kamalondo: mkono mzuri, umaliziaji wa pupa

Atelie hii ya Kamalondo, Lubumbashi, ilianza na shaba ya kufua, zile sahani na picha za ukutani ambazo mji wetu unajulikana kwazo. Siku hizi inapokea pia vipande vya pikipiki: vifuniko vya klachi, vifuniko vya tangi, bamba za pembeni. Wateja ni wenye pikipiki za kupambwa, pamoja na madereva wa wewa (pikipiki za abiria) wanaotaka chombo chao kijulikane barabarani. Tumezipitia kazi zao kwa lenzi, kipande kwa kipande. Kuchonga wanajua, tena sana. Kazi inaharibikia mwishoni, na kasoro nyingi mteja anaweza kuzizuia kabla burini, kile kijembe cha mkono cha kuchongea, haijagusa chuma.

Kwanza ujue unalipia nini. Anayefua shaba husukuma chuma kwa nyundo na ncha butu; hakuna kinachotoka. Anayechonga kwa burini hukata, na vipande vyembamba vya chuma hujikunja mbele ya ncha. Ziko karakana zinazogonga mistari kwa ncha butu kwenye bamba jembamba la aluminiamu na kuiita nakshi ya kuchongwa. Geuza bamba: ukiona uvimbe upande wa pili, limegongwa. Mashine ndogo ya kuzunguka huacha mfereji wenye chini ya mviringo na mawimbi madogo pembeni. Leza huacha weusi na kina kisichoshikika kwa kucha. Burini huacha mfereji wa V, kuta mbili laini zinazorudisha mwanga kila moja kwa upande wake, na mstari unaoanza mwembamba, ukanenepa, ukafifia bila kukatika. Mstari wa namna hiyo ndio wanaoutoa Kamalondo, na ndio sababu ya kwenda huko.

Siri yake iko kwenye kunoa. Burini yao ya mistari mikuu ina ncha ya digrii 120, uso wake umekatwa karibu digrii 45, na kisigino, yaani sehemu ndogo iliyonolewa chini ya ncha, kimeinuliwa digrii 15 hadi 20. Kisigino hicho ni kifupi mno, chini ya nusu milimita, na ndicho kinachoiwezesha burini kugeuka kwenye kona bila kukwaruza ukuta wa nje wa mfereji. Wananoa kwa bamba la almasi, kisha wanang'arisha nyuso zote mbili, maana mkwaruzo wowote ulio kwenye burini hujichora ndani ya kila mstari. Kabla ya kuanza, fundi huigusisha ncha kwenye ukucha wa kidole gumba kwa mlalo: ikiteleza, inarudi kwenye almasi, ikiuma papo hapo, iko tayari. Ukimwona fundi yeyote anaanza kazi bila kufanya hivyo, chukua kipande chako uondoke. Burini butu haikati, huruka, na mkwaruzo wa kuruka katikati ya uwanja laini hauondoki mpaka eneo lote lipigwe msasa upya.

Sasa chuma chenyewe, na hapa ndipo wateja wengi wanapojiponza. Vifuniko vya injini kwa kawaida ni aluminiamu ya kumimina, na aina nyingi za aluminiamu hiyo zina silikoni ya asilimia 8 hadi 12. Chembe za silikoni ni ngumu, zinakula ncha haraka. Zaidi ya hapo, kifuniko cha bei ya chini kina vishimo vya hewa ndani: burini inakwenda vizuri, inatumbukia, inaruka. Omba fundi apige msasa sehemu ndogo iliyojificha na ajaribu mistari miwili mitatu kabla ya kukubaliana bei. Vishimo vikijitokeza, chagua nakshi yenye mistari minene na uwanja wa vitone, yaani nafasi kati ya mistari iliyojazwa vitone, ambao utavificha. Usidai majani yenye kivuli chembamba. Aluminiamu laini ina tatizo la kinyume chake: hung'ang'ania kwenye ncha na kupasua ukuta wa mfereji. Dawa ni tone la mafuta ya taa na uso wa burini uliong'arishwa kweli.

Kipande chenye kromu usikubali kichongwe juu ya kromu. Tabaka la kromu ya urembo ni jembamba kuliko mikroni moja, liko juu ya nikeli, ni gumu na linabanduka kama ganda la yai kandokando ya mstari. Lazima livuliwe, kipande kichongwe, kisha kipakwe upya. Na mwambie fundi tangu mwanzo kwamba kitapakwa, ili achonge kwa kina zaidi, kwa sababu nikeli hujaa kwenye kingo na kuwa pungufu chini ya mfereji. Mistari ya kivuli iliyo myembamba humezwa, na kama kipande ni cha chuma, kutu itaanzia chini ya mfereji huo.

Jinsi wanavyokishika kipande inastahili sifa. Kifuniko chenye mgongo hakikai vizuri kwenye jiliwa, kikitikisika kidogo tu ukuta wa mfereji unatoka na meno. Wao hukifunga kwa boliti zake mwenyewe juu ya ubao, na chini yake wanamimina lami ya moto, ileile wanayofulia shaba, ikaujaza mwanya wote. Nyundo ikipiga burini, sauti inakuwa nzito na fupi. Ukisikia mlio mkali, lami haijashika.

Kuhusu michoro, majani ya kujiviringisha ya mtindo wa Kimarekani wanayaweza bila shida, na mchoro wa aina hiyo husamehe: jani moja likipanuka kidogo, hakuna atakayejua. Michoro ya Wakuba, watu wa Kasai hapa Kongo, ile ya mistari iliyosukwa kwa pembe, haisamehe kitu. Upana wa utepe ukibadilika kwa robo milimita, jicho linauona, na kwenye mgongo wa kifuniko cha klachi kosa linaongezeka kwa sababu mistari sambamba haibaki sambamba inapopanda mviringo. Wanaichora kwa penseli juu ya rangi nyeupe nyembamba, kisha wanapima tepe kwa kompasi. Kazi yao ya Wakuba ndiyo bora kuliko yote tuliyoiona pale. Msalaba wa shaba wa Katanga unaombwa sana pia; kwa kuwa una nafasi kubwa tupu, hakikisha uwanja wake unatiwa vitone vya sare, la sivyo unaonekana kama kazi iliyoachwa njiani.

Wanatoa pia urembo wa kupachika waya wa shaba. Mfereji unakatwa kwa kina cha nusu milimita hivi, kuta zake zinachimbwa kwa ndani ili chini pawe pana kuliko juu, halafu waya unapigwa ndani mpaka ujae na kufungwa. Wanatumia waya wa umeme wa 1.5 mm², ambao kipenyo chake ni karibu milimita 1.4, ukiwa umechomwa hadi wekundu na kutumbukizwa majini ili ulainike. Kwenye kifuniko cha tangi cha shaba ya manjano kazi hiyo inapendeza na inadumu. Kwenye aluminiamu tunaikataa kabisa, na tunasikitika kwamba wanaikubali. Shaba na aluminiamu zikigusana penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na mvua zetu za Novemba hadi Machi zinatosha kuleta unga mweupe kandokando ya waya, kisha waya unalegea.

Kosa lingine ni zito zaidi: wanakubali kuchonga wenzo wa breki na vibanio vya usukani. Mfereji wa V kwenye kipande kinachobeba nguvu ni mahali pa kuanzia ufa. Nakshi iishie kwenye vifuniko na mapambo.

Na umaliziaji. Baada ya kuchonga wanapitisha kipande kwenye gurudumu la kitambaa na dawa ya kung'arishia, kipate kung'aa mteja afurahi. Gurudumu hilo linaviringisha kingo za mifereji, na kivuli kilichomchukua fundi siku nzima kinapauka ndani ya dakika chache. Ung'arishaji wote ufanywe kabla: msasa wa 240, 400, 600, 800, kisha gurudumu, ndipo burini. Baada ya hapo ni msasa wa 1000 wenye maji, kwa mkono, juu ya kipande bapa cha mpira, kwa ajili ya kuondoa miiba ya chuma kwenye kingo tu. Waambie hivyo mapema. Wanakubali bila ubishi, ila usipowaambia watafuata mazoea ya shaba.

Weusi wa kujaza mifereji uwe rangi inayostahimili joto la injini, ipakwe, ifutwe ikiwa bado mbichi kidogo, kisha vanishi. Bila weusi huo nakshi haisomeki kwa mbali, na kiangazi vumbi jekundu litajijazia lenyewe.

Bei hupangwa kwa eneo na kwa uwanja: mistari mitupu ni nafuu, uwanja wa vitone unapandisha gharama sana kwa sababu ndio unaokula saa. Peleka kifuniko kikiwa kimeshafunguliwa na kuoshwa kwa petroli na sabuni. Wao si mafundi wa injini. Boliti za M6 za kifuniko cha klachi zina urefu tofauti, zichomeke kwenye kadibodi kwa mpangilio uleule. Uso wa gasketi ufunikwe kwa utepe wakati wote wa kazi, kwani mkwaruzo mmoja pale utavujisha mafuta. Kurudisha, weka gasketi mpya na kaza kwa mshazari, karibu Nm (nyutoni-mita) 10.